Imali na Kufuli za Ploti Yetu

Jirani yangu wa sasa hutoka nyumbani mapema, na akishafunga mlango wake wa chuma huiachilia kufuli ijigonge yenyewe: ko, halafu ko nyingine ndogo. Ni sauti ya kawaida kabisa. Jirani mwenyewe ni mtu mzuri, anauza vipuri vya pikipiki hapa mjini Eldoret na hana neno na mtu. Lakini mimi nikiisikia ile kufuli husimama nilipo, hata kama kikombe cha chai kimeshafika mdomoni, nikajiuliza: amefunga nyumba tupu kweli, au kuna mtu ndani? Mniwie radhi. Wengine walirithi mashamba na ng'ombe, mimi nilirithi kushuku, na urithi huo niliupata nikiwa msichana wa darasa la nne katika ploti moja ya Kiplombe.

Ploti ilikuwa ya Mzee Kiprono. Vyumba vilipangwa kwa safu mbili zinazotazamana, katikati uwanja wa udongo wenye mfereji mmoja na kamba za nguo, na nyuma kulikuwa na zizi la ng'ombe wake. Mama yangu aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni, kwa hiyo nyumba yetu ilijulikana hata na mtu aliyefumba macho. Baba alikuwa karani katika ghala la mahindi, mtu nadhifu wa maneno machache, mwenye mazoea ya kukohoa kidogo kabla ya kusema jambo. Tulikuwa tumetoka upande wa Vihiga kutafuta maisha. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa Mama Njeri, mjane, fundi wa nguo, ambaye cherehani yake ilikaa barazani na kuimba tangu asubuhi. Mama akienda sokoni, Mama Njeri ndiye aliyembeba mdogo wangu Imali tangu akiwa na meno mawili.

Imali hakuwa anasalimia watu. Nalisema mapema kwa sababu hilo ndilo watu walilisema kwanza walipomtaja. Mgeni akija, watoto wa ploti tulipanga foleni kuinamisha vichwa tuguswe na wazee, na Imali angepita chini ya mkono wa Mzee Kiprono utadhani mkono huo una moto. Mama alimfinya, alimbembeleza, alimwahidi mandazi. Hakukuwa na dawa. "Mtoto hana adabu," walisema, na Mama alicheka kile kicheko cha mtu anayetaka mazungumzo yahamie kwingine.

Alichopenda Imali ni kufuli. Kila asubuhi alizunguka mlango kwa mlango akizishika moja baada ya nyingine, akizipindua kutazama tundu la ufunguo, kisha akizirudisha zilale kama alivyozikuta. Ukimzuia alilia mpaka ukajuta. Na alikuwa na jambo jingine lililotuchekesha sana. Maneno yake mwenyewe yalikuwa machache, lakini maneno ya watu aliyahifadhi yote, na kila neno lilikuwa na wakati wake. Chai ikimiminwa, alisema kwa sauti ya Mama, "Polepole, utajichoma." Ng'ombe wakitoka zizini, aliwakemea kwa Kikalenjin, kwa ukali uleule wa Mzee Kiprono, hata Mzee akageuka kutafuta ni nani. Mama Njeri aliacha kushona ili acheke vizuri. "Huyu ni redio," alisema. "Tatizo lake haina kifungo ya kuzima."

Kisha ukaja uchaguzi, na matokeo yake, na moshi. Sitawasimulia yote, mengi mnayajua na mengine mliyaona wenyewe. Nitawasimulia alasiri moja tu.

Siku zile watu walikuwa wamejifunza mbinu ya kufungiana. Mtu wa kabila lililotafutwa, kama Mama Njeri, alijificha chumbani mwake, jirani anayemwamini akafunga kufuli kwa nje, ili anayepita aone nyumba tupu ya mtu aliyekwisha kukimbia. Njeri alikuwa kwa nyanya yake Nakuru tangu Krismasi, lakini mama yake alikuwa amechelewa kuondoka na barabara zikafungwa. Mama yangu akamfungia. Aliuficha ufunguo ndani ya debe la omena, akarudi ndani, akatuambia, "Mkiulizwa, Mama Njeri alienda kitambo." Aliyajua hayo yeye, Baba na sisi watoto. Majirani wengine walikuwa wamejifungia kwao, kila mmoja na hofu yake.

Vijana walikuja jua likiwa bado juu. Tuliwasikia kwanza kwa filimbi, halafu kwa miguu. Mama alinivuta chini ya kitanda akanikumbatia kichwa, mkono mmoja kila sikio, nikawa sisikii ila moyo wake. Imali alikataa kuingia chini ya kitanda, hakupenda kubanwa. Alibaki amesimama nyuma ya pazia, karibu na Baba aliyekuwa mlangoni. Mlango wetu uligongwa kwa rungu, hilo nililihisi mpaka kwenye sakafu. Baadaye kidogo miguu ikaondoka mbio, Mama akalegeza mikono, nikasikia mabati ya upande wa pili yakipasuka, na sauti ya Mama Njeri.

Hawakuichoma nyumba, kwa kuwa ilikuwa ya Mzee Kiprono na Mzee alikuwa wa kwao. Walitoa vitu uwanjani wakavichoma hapo, vitambaa vya wateja, godoro, meza ya cherehani. Walipoondoka, Mama Njeri alikuwa amekaa kizingitini ameushika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, na vidole vilielekea mahali ambapo vidole havielekei. Lori la polisi lilimpeleka kambini. Mama alilia siku ile mpaka giza likaingia. Baba alifagia uwanja wote, peke yake, bila kuambiwa na mtu.

Mama Njeri aliporudi kwenye ploti mvua za masika zilikuwa zimeanza. Alirudi na Njeri, na vidole ambavyo havikunyooka tena, akakodi chumba kilekile kwa sababu hakuwa na kwingine. Nasi sote tulijifanya kufurahi. Jinsi ploti ilivyokuwa imebadilika! Hakuna aliyeomba chumvi kwa mwenzake tena. Wanawake walipikia ndani, moshi ukiwaumiza macho, ili mtu asione chungu cha mtu. Ukipeleka chai kwa jirani aliishika, akashukuru, akaiweka chini ipoe, na ulipogeuka akaimwaga. Hata mimi nilianza kuwahesabia watu maneno yao. Kila mtu alikuwa anajiuliza swali moja. Kufuli ilikuwa nje na pazia lilikuwa limeshushwa. Waliambiwa na nani?

Mama Njeri hakulisema kwa ugomvi. Alilisema mferejini, akiinua mtungi kwa mkono mzima. "Mama Ajema, mimi sisemi kitu. Lakini kufuli ilikuwa nje." Ajema ni mimi. Mama aliapa kwa Mungu na kwa watoto wake kwamba hakumwambia mtu yeyote. Aliapa kweli, na bado haikusaidia.

Wakati huo Imali alikuwa amepata maneno mapya. Mtu akibisha mlango wetu, alisimama wima, akakohoa kidogo, akasema kwa sauti nzito ya polepole: "Si hapa. Ni pale." Mara ya kwanza niliposikia nilicheka. Mama hakucheka. Alimziba mdomo kwa kiganja, na Baba akainuka akatoka nje na kuacha ugali wake nusu.

Kanisani walitangaza siku ya amani. Baada ya ibada, mabenchi yalisogezwa, tukapangwa mistari miwili inayotazamana ili kila mtu apeane mkono na jirani yake. Watoto ndio wangetangulia, alisema mchungaji, kwa maana watoto hawana siasa. Imali aliangukia kwa Mama Njeri. Mama Njeri aliinama akamnyoshea ule mkono uliovunjika, na naamini hata leo kwamba aliunyosha kwa moyo safi, kwa kuwa mtoto huyu alimbeba mwenyewe. Imali akajikunyata, mikono akaificha nyuma. Watu wakaanza kunong'ona. Mchungaji, akitaka utulivu, akagonga meza ya mbao mara kadhaa kwa kifundo cha kidole.

Imali akasimama wima, akakohoa. "Si hapa. Ni pale. Si hapa. Ni pale."

Mama Njeri aliurudisha mkono wake taratibu akauweka ndani ya sweta.

Kuanzia Jumapili ile ploti ilikuwa na jibu lake. Ni mtoto! Si kila asubuhi huzunguka akipima kufuli, akijua nani yuko na nani hayuko? Si mdomo wake hauna mlango? Aliwaonyesha wale vijana. Na mtoto anayekataa mkono wa mtu aliyeumia, hayo ni mafunzo ya nyumbani. Wanawake waliwaita watoto wao ndani Imali akipita, na wengine walianza kuficha kufuli chini ya vitambaa.

Mzee Kiprono alikuja jioni akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa chai, naye hakuitaka. "Mama, mimi sina ubaya na nyinyi," alisema. "Lakini watu wanaogopa kulala hapa na huyo mtoto. Mpeleke kwa nyanya yake huko kwenu mpaka mambo ipoe. Kama hapana, mnitolee nyumba."

Baba alikohoa kidogo. "Mzee amesema vizuri," akasema. "Tutampeleka."

Mama alimtazama. Sikuwahi kuona mtu akitazamwa vile na mke wake, wala sikujua maana yake. Nilichojua ni kwamba kwa nyanya kulikuwa na amu yetu mmoja asiyesema, mtu mzima, aliyeshinda amefungwa kamba kiunoni kwenye nguzo ya jikoni. Walisema ni kwa usalama wake. Kila Krismasi nilimwona ameuchakaza udongo kuizunguka ile nguzo, na sasa nilimwona Imali pale. Mama naye aliifikiria nguzo hiyohiyo. Usiku ule alisema neno moja tu, "Haendi," akageukia ukutani.

Alimpeleka hospitali. Hakuwa amekwenda kabla, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kutosalimia ni jambo la kupelekwa hospitali. Kaunsela wa kwanza alikuwa na watoto wengi waliochomewa nyumba, na alimwona Imali kuwa mmoja wao. Mshtuko wa vita, alisema. Alimpa kalamu za rangi achore kinachomtisha. Imali alichora kufuli, nyingi, nzuri sana, na kaunsela akasikitika. Mimi nilishangaa, maana katika nyumba yetu yule mtoto ndiye peke yake ambaye hakuwa na hofu.

Kaunsela akatuelekeza kwa daktari wa watoto, mama mmoja mtulivu ambaye hakumwambia Imali asalimie. Alikaa naye sakafuni. Kisha akamuuliza Mama, "Alikuwa hivi hata kabla ya vita?" Mama akasema ndiyo, akasema hapana, akasema hakumbuki, alikuwa sokoni siku nzima. Daktari hakukasirika. "Nani mwingine amemlea?" aliuliza. "Nataka kuongea na mtu alimwona akiwa mdogo."

Siku iliyofuata, wakati wa kunywa uji, Mama alisema atamwomba Mama Njeri.

"Kwa nini yeye?" Baba aliuliza. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Si uchukue dada yako?"

"Dada yangu hakumbeba."

"Watu wataongea."

"Wanaongea tayari," Mama akasema, akatoka.

Nilimfuata mpaka mferejini. Mama Njeri alimsikiliza akiwa ameinama, akifua kwa mkono mmoja. "Mimi nije niseme nini huko?" aliuliza. "Unataka daktari aseme mtoto ni mgonjwa ndio hii maneno iishe?"

"Sitaki useme kitu ya uongo. Sema tu venye ulimwona. Na yenye daktari atasema, usikie na masikio yako."

"Nitakuja," Mama Njeri akasema. "Lakini sio kwa ajili yako."

Alikuja amevaa vizuri, kitambaa kichwani, na chumbani mwa daktari alichagua kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, kama mtu aliyekuja kushuhudia mkutano wa wezi. Alianza kwa kujibu kwa neno moja moja. Halafu kumbukumbu zikamshika. "Imali hakugeuka akiitwa jina," akasema, "hata nikadhani hasikii, lakini nikifungua kufuli huko nje alikuja mbio. Hakunyosha kidole kuonyesha kitu. Alinishika mkono wangu akautupa mahali anataka. Nikibadilisha leso ya kumbebea, alilia mpaka nirudishe ile ya zamani." "Na salamu?" daktari aliuliza. "Salamu hakuna," Mama Njeri akasema. "Huyu hajawahi kupea mtu mkono. Hata mimi. Tangu awe mdogo." Nadhani hapo aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaikumbuka ile Jumapili ya kanisani.

Daktari alitueleza kwa lugha ya kueleweka. Si vita, alisema, na si malezi mabaya wala si kurogwa. Inaitwa autism, kwa Kiswahili usonji. Amezaliwa nayo. Mambo ambayo watoto wengine huyachukua kwa kuangalia tu, kama kusalimia, kutazama mtu machoni, kujua zamu yako ya kusema, yeye itabidi afundishwe kidogo kidogo, kwa njia yake.

Hapo muuguzi akabisha mlango.

Imali aliacha kuchezea kitasa cha dirisha, akasimama wima, akakohoa. "Si hapa. Ni pale."

"Hiyo amesikia wapi?" daktari akauliza. Mama alikuwa anatazama sakafu. Daktari, ambaye hakujua lolote kuhusu ploti yetu, akaendelea tu na kazi yake. Watoto wengi wa namna hii hurudia waliyoyasikia, akasema. Huyu hatungi wala hamaanishi kitu kibaya. Ni kwamba siku moja mlango uligongwa, mtu akasema maneno hayo, na sasa kila mlango ukigongwa yanarudi vilevile yalivyosemwa.

"Vilevile," Mama Njeri akarudia. "Na hicho kikohozi?"

"Hata kikohozi."

Mama Njeri alivitazama vidole vyake muda mrefu. Kisha alimtazama Mama, na Mama sasa aliinua macho akamtazama pia, bila kukwepa. Mimi nilikuwa ukutani nikisoma picha ya matunda, nikidhani wamechoka.

Tulipotoka, Mama Njeri alinunua hindi la kuchoma langoni, akalivunja, na kipande cha Imali hakumpa mkononi. Alikiweka juu ya ukuta kando yake, akaangalia pembeni mpaka mtoto akichukue mwenyewe. "Asipelekwe mahali," akamwambia Mama.

Jioni hiyohiyo alikwenda zizini kwa Mzee Kiprono, nasi watoto tukajisogeza kusikia. "Mzee, si mtoto. Nimeenda mpaka kwa daktari."

"Basi ni nani?"

"Mimi nimesema si mtoto."

Mzee alimtazama, akatazama upande wa mlango wetu, akarudi kwa ng'ombe wake. Habari za kuhama hatukuzisikia tena. Imali alibaki. Daktari alimfundisha Mama, Mama akamfundisha Imali, miezi na miezi, kuinua kiganja badala ya kupeana mkono, na watu wa ploti wakazoea kuinuliwa kiganja. Leo ni mwanamke mzima, anakaa na Mama, anasaidia duka la fundi wa kufuli mjini, na wateja wengine humpenda kuliko mwenye duka kwa vile hana porojo.

Lakini kitu kimoja kilinisumbua nikikua. Kila asubuhi Mama Njeri alitusalimia kwa majina. "Habari Mama Ajema. Ajema. Imali." Akaishia hapo, hata kama Baba alikuwa amesimama palepale na ndoo. Mtoto wa miaka sita aliponyima watu salamu, ploti nzima ilitaka afukuzwe. Mwanamke mzima alipomnyima Baba, hakuna aliyeuliza. Nilishuku mengi, nikamshuku hata Mama Njeri kwa majivuno. Baadaye Baba aliomba kazi katika ghala la upande wa Kapseret, akawa analala huko na kuja Jumamosi. Nilidhani ni mambo ya kazi.

Baba alipofariki, miaka mingi baadaye, nilibaki na Mama jikoni baada ya wageni kuondoka, nikamuuliza. Sikumzunguka. Nilimwambia nimeikumbuka sauti ya Imali kanisani, na kile kikohozi.

"Wangeingia kwetu," Mama akasema. "Aliniambia baadaye. Walimuuliza Mama Njeri yuko wapi, rungu iko hapa," akagusa shingo. "Nyinyi mlikuwa ndani."

Nilimwambia ninaelewa, na naelewa kweli. Sijui ningesema nini mimi kwenye mlango ule, na mtu anayejua angesema nini namshuku pia. Nisichoweza kukisamehe ni ile jioni ya kigoda, Baba alipokohoa na kukubali mtoto aubebe mzigo wake mpaka kwenye nguzo ya nyanya.

"Na wewe ulijua lini?" nikamuuliza.

"Siku ya kwanza Imali alisema. Mimi chini ya kitanda nilisikia kelele tu. Huyo mtoto hajawahi kutunga kitu."

"Kabla ya daktari?"

"Kabla kabisa."

Alikuwa anasugua sufuria, wala hakuacha. "Baba yako alikuwa na mdomo wa kujitetea," akasema. "Imali hakuwa na mdomo."

Miaka yote nilidhani kwamba siku ile Mama alimwomba Mama Njeri aende kumsemea mtoto. Kumbe alijua vizuri Mama Njeri atasikia nini kule. Alikuwa anakwenda kumkabidhi Mama Njeri mume wake, badala ya mtoto.